Karata zilizochangwa vibaya

Nimeadimika kidogo wasomaji wangu, mitihani ilinibana. Jana usiku mwenzangu wa chumbani kaniuliza, eti kwa nini kwenye mipangilio ya kiruta chetu kuna kitu kinaitwa WEP na kila mtu anasema usikiguse? Tukakesha.

Basi iko hivi. Ron Rivest alibuni RC4 mwaka 1987. Ilikuwa siri ya kampuni ya RSA mpaka Septemba 1994, mtu asiyejulikana akaimwaga kwenye intaneti. Inachukua namba 0 hadi 255, inazichanga kama karata kwa kufuata ufunguo wa siri, halafu inatoa baiti moja moja za kuchanganywa na ujumbe wako. Ubovu upo kwenye kule kuchanga. Karata hazichanganyiki vya kutosha, kwa hiyo baiti za mwanzo zinatoka bado zina harufu ya ufunguo. Andrew Roos aliliona hilo mwaka 1995 na akaliandika hadharani.

Mwaka 1997 IEEE wakatoa kiwango cha 802.11, WEP ikiwa ndani yake. Kila pakiti ilihitaji ufunguo tofauti, so jamaa wakachukua namba ya baiti 3 wakaibandika MBELE ya ufunguo wa siri. Na namba yenyewe inasafiri wazi! Yaani mdukuzi anajua hatua tatu za kwanza za kuchanga. Hapa ndipo ninapowalaumu, maana onyo lilikuwa na miaka miwili. Wangetupa tu baiti 256 za mwanzo, wangejiokoa.

Agosti 2001, kwenye mkutano wa Toronto, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir wakaweka mambo hadharani. Zipo namba za mbele ambazo zikitokea, baiti ya kwanza inafichua baiti inayofuata ya ufunguo mara 5 hivi kati ya 100. Kwa kubahatisha ungepata 1 kati ya 256. Kusanya namba kama 60 za aina hiyo, jibu linajitokeza. Kisha unahamia baiti ya pili, ya tatu... Ndiyo maana kurefusha ufunguo kutoka baiti 5 hadi 13 hakukusaidia kitu, kazi iliongezeka kidogo tu.

Kilichonifurahisha: aliyelijaribu kwa vitendo ni mwanafunzi! Adam Stubblefield wa Rice alikuwa fildi AT&T Labs. Aliagiza kadi ya kawaida, na haikupita wiki akawa na ufunguo mzima. (Fildi yangu mimi nilipanga mafaili.)

WPA ikaja 2003, lakini watu hawakuhama haraka. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt wakavunja WEP ya baiti 13 chini ya dakika moja.

Mwenzangu kasikiliza wee, kisha kauliza kama hiyo inamaanisha tunaweza kupata intaneti ya jirani bure. Nikazima taa.