Sola ya maji moto: ni nani alipaswa kulipa?

1/ Mjadala wa nishati ukifika Funyula, hamkosi wa kusema: "Watu wetu hawataki sola, wanahitaji kuelimishwa." Hebu tuangalie historia kwanza.

2/ Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa 1954. Kuanzia 1958 stima yake ililetwa Kenya kupitia Tororo, hapo tu ng'ambo ya Malaba, hadi Nairobi. Sisi wa mpakani tuliona nyaya zikipita. Maji ya kuoga tukaendelea kuchemsha kwa kuni na makaa.

3/ 2012 zikaja kanuni za sola ya maji. Jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lifunge mtambo wa kutosheleza angalau 60% ya mahitaji ya mwaka. Majengo ya zamani yalipewa miaka 5. Ukikaidi: faini hadi shilingi milioni 1, jela hadi mwaka, au vyote viwili.

4/ Lita 100 ni mitungi mitano ya lita 20. Boma linalochota maji kisimani na kuogea karai halifiki hapo. Kwa hivyo sheria ilimlenga mwenye maji ya mfereji, hasa anayejenga mjini.

5/ Na mjini wengi ni wapangaji. Landilodi wa Busia akifunga sola, gharama ni yake. Anayeokoa tokeni ni mpangaji. Shawa ya stima ni bei ndogo kwa landilodi, na bili si yake. Hapo nani amekosa elimu? Amepiga hesabu tu.

6/ Sasa linganisha. 2015 serikali ilishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka 35,000 hadi 15,000, tena ulipe polepole. Stima ikapewa ruzuku. Sola ya maji ikapewa faini.

7/ Kodi nayo haikutulia: 2020 vifaa vya sola viliwekewa VAT, 2021 ikaondolewa. Nani ataweka pesa za miaka mingi juu ya paa na sheria inageuka kila bajeti?

8/ Jua la Funyula halina shida, tuko karibu na ikweta. Akija mwenye kuomba kura na hadithi ya "kuelimisha", muulize: mtambo utalipwa kwa awamu kama stima? Na landilodi atapata nini? Asipojibu, hana sera.