Hongo za Njiani: Injini ya Dizeli na Barabara ya Ujiji

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za historia ya Tabora, kwa kuwa nililifundisha somo hilo miaka mingi. Nimekubali. Ila ninyi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mlioko madarasani sasa, mtanisamehe nikianzia chini ya Land Rover mkweche, maana huko ndiko nilikoielewa njia ya misafara kuliko nilivyoielewa vitabuni.

Ilikuwa mwaka 1986. Tulikuwa watu watatu tuliomaliza shule pamoja: mmoja fundi wa reli, mmoja karani wa mahesabu, na mimi mwalimu. Tulimiliki kwa shirika Land Rover moja ndefu ya petroli. Tangu vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda duniani miaka hiyo hiyo, nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na kupata petroli kulikuwa kazi ya kutwa. Gari letu lilikuwa limesimama muda mrefu kuliko lilivyotembea. Basi tukaamua kuitoa injini ya petroli na kutia ya dizeli, kwa mikono yetu wenyewe, chini ya mwembe, bila kulipa gereji.

Jioni ya kwanza karani alifungua daftari karibu na taa ya chemli. Fundi wa reli alitaka injini ya lori, silinda sita. “Nguvu, bwana! Mnataka gari au baiskeli?” Karani akamwuliza swali moja tu: itafungwa na nini? Hapo ndipo tulipoanza kuhesabu. Injini ya aina nyingine haikubaliani na giaboksi; yahitaji bamba la chuma la kuziunganisha, nalo litoboliwe kwa kipimo cha unywele. Yahitaji vikalio vipya kwenye chesisi, rejeta kubwa zaidi, bomba la moshi jingine, na springi za mbele za kubeba uzito wake. Mwishowe tukachagua dizeli ya sentimita za ujazo 2,286. Watengenezaji wa Land Rover waliitoa mwaka 1961, nayo ni ndugu ya tumbo moja na ile ya petroli: ujazo ule ule, na inakubali giaboksi ile ile. Nguvu zake ni farasi 62 tu. Fundi alinuna siku mbili. Injini yenyewe tuliipata katika gari lililopinduka.

Makisio yetu yalikuwa hivi: katika kila shilingi 100, injini itakula 80, na 20 tukaziandikia neno “mengineyo”. Vijana, mkiona neno hilo katika makisio yoyote, simameni.

Nami mwalimu wa historia nilipaswa kuliona. Mwezi Juni 1871 Stanley alifika Kwihara, hapo karibu na mji wetu, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Alipokuwa Unguja hakujua achukue nguo kiasi gani, akaenda kuwauliza wafanyabiashara Waarabu waliokwisha kuifanya safari hiyo. Aliambiwa kwamba watu 100 hula doti 10 kwa siku. Doti moja ni yadi 4. Zidisha mara siku za safari, hapo umepata posho peke yake. Tena nguo haikuwa nguo tu. Huku walitaka merikani, kule kaniki, mbele zaidi ushanga wa rangi fulani na masango. Ushanga usiopendwa katika nchi unayopita si fedha tena. Ni mzigo wa ratili 70 juu ya bega la mpagazi wa Kinyamwezi, naye anataka kula vile vile.

Halafu kulikuwa na hongo. Vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida ya Ujiji, na Stanley alipoondoka Kwihara Septemba alilazimika kuzunguka kusini. Alipoingia Uha alitoa nguo kwa mkubwa wa kwanza, akasonga mbele, akakuta mwingine, kisha akaambiwa bado wako wengine. Akaona kwamba atafika Ujiji mikono mitupu. Msafara ukatoroka usiku, kimya kimya, ukipita nje ya njia. Wenyeji wa biashara hiyo hawakuyashangaa mambo hayo. Msafiri aliyehesabu bei ya pembe bila kuhesabu posho na hongo alirudi pwani na deni.

Niliyaeleza haya chini ya mwembe, kwa madaha kidogo. Karani akauliza, “Sasa mwalimu, hongo zetu sisi ziko wapi?” Sikuwa na jibu.

Hongo ya kwanza ilitoka mbali. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17. Mwisho wa mwaka ilizidi shilingi 50. Injini tulikwisha kuinunua, lakini nozeli, gasketi, beringi na vipuri vya pampu ya dizeli vilikuwa vya kutoka nje, na kila tulipofika dukani bei ilikuwa imetutangulia. Jambo hili si geni katika njia yetu. Merikani ilipata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, viliifanya iadimike hata ikaanza kushindwa na nguo za Uingereza na Bombay. Mnyamwezi aliyekuwa akingojea doti yake hapa Unyanyembe hakuwa na habari na vita hivyo, lakini alivilipia.

Hongo nyingine zilikuwa ndogo ndogo. Dizeli inayobaki kwenye nozeli hurudi tangini, kwa hiyo tukanunua bomba la pili. Injini ya dizeli ni ngumu kuwasha asubuhi, kwa hiyo betri kubwa zaidi na nyaya nene.

Ile iliyotaka kutuua haikuwamo daftarini kabisa. Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu kupitia mlango mwembamba, na mvuto ule ndio uliokuwa ukisaidia breki za gari letu. Dizeli haina mvuto wa namna ile. Yahitaji pampu yake ya kuvuta hewa. Sisi tuliona kibomba kimebaki hakina pa kwenda, tukakiziba kwa kipande cha mti, tukashangilia kwamba kazi imekwisha. Mjini Tabora ni tambarare, na breki nzito tuliidhani ni upya wa brekilaini.

Safari ya kwanza tulikwenda Kigoma kufuata dagaa na mawese, tupate kurudisha fedha zetu. Tukazunguka Nzega, Kahama, Kibondo na Kasulu. Kutoka nyanda za juu za Kasulu barabara inateremka kuelekea ziwani, na hapo pedeli ikawa kama kukanyaga jiwe. Nilikuwa mimi nyuma ya usukani. Nilisimama juu yake kwa miguu miwili, fundi wa reli akairudisha gia kwa mkono wake huku akipiga kelele, na karani hakusema neno lolote hadi Kigoma. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba. Pampu ya kuvuta hewa, ya lori kuukuu, ndiyo tuliyoinunua kabla hatujanunua hata dagaa mmoja.

Tukiwa bandarini tuliiona Liemba. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na kwa reli hiyo Wajerumani walileta meli hiyo vipande vipande katika masanduku kama 5,000. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa injini zile zile za mvuke. Dizeli ilitiwa katika miaka ya 1970 tu. Fundi wa reli aliitazama muda mrefu. Tuliporudi Tabora aliipaka grisi injini yetu ya petroli, akaifunga kwa turubai. Miaka mitano baadaye tuliiuza, na fedha hizo zikamaliza deni la ile pampu.

Karani alifunga hesabu hivi: katika kila shilingi 100, injini ilikula 41. Zilizobaki zote zilikwenda njiani. Daftari lenyewe ninalo hadi leo, na Land Rover iko nyuma ya nyumba yangu. Kijana wa shule anayetaka kuviona aje Jumamosi, na avae nguo za kazi, kwa sababu klachi inateleza na mimi siwezi tena kuingia chini ya gari.