Walijenga Kibanda cha Hemingway, Majina Yao Hakuna Anayeyajua

Leo sina ubuyu wa msanii wala nani kamuacha nani. Nina stori ya jamaa wasio na majina, na imeanza na kitu cha ajabu kidogo: hema la kuwindia.

Iko hivi. Kuna braza mmoja kakulia hapa hapa Wazo, siku hizi anapiga kazi kwenye kambi moja ya uwindaji wa kitalii huko kusini. Juzi kati akanicheki WhatsApp: "Dogo, wewe si ndo mtu wa mitandao, niangalizie hema la kuvizia. Liwe la bei chee na lisichakae mapema." Mimi nikajua la kulala. Kumbe wapi! Hili unakaa ndani na bunduki au kamera, umetulia tuli, unachungulia kwenye tundu, mnyama akija hakuoni. Wamarekani ndio wanayapenda sana. Kitambaa kina rangi za majani, fremu ni fimbo za faibaglasi, unalifungua kama mwamvuli na dakika mbili tu limesimama.

Basi nikazama mtandaoni usiku mzima na bando langu la buku. Nikajifunza mambo: kitambaa kiwe kizito, ndani kiwe cheusi ili kivuli chako kisionekane kwa nje, madirisha yasiwe ya zipu kwa sababu zipu inapiga kelele, na kamba za kukazia ziwe za kutosha maana upepo ukilipepesa tu, mchezo umeisha. Nikamtumia yote hayo, najiona mtaalamu.

Akanijibu kwa voisi anacheka. Kumbe walishakuwa nalo moja, mgeni aliliacha. Kiangazi kimoja tu, jua limelipiga kitambaa kikawa kinachanika kama gazeti. Sasa wanatumia nini? "Kuna mzee wetu wa kufuata nyayo, anakata nyasi na miti na panga lake, saa mbili tatu kibanda kimesimama." Akanielezea wanavyomvizia chui: nyama ya chambo inafungwa juu ya mti, kibanda kinajengwa kama mita 60 hivi, upande ambao upepo hautapeleka harufu ya watu kwenye chambo, na nyasi zinazotumika ni za pale pale ili chui asione kitu kigeni. Gharama ni panga na kamba.

Nikamuuliza, sasa hema la nini braza? "Bosi anataka. Mgeni akiona nyasi anahisi hela yake imeliwa."

Hapo ndipo nikaanza kuchimba, maana nilijiuliza huo ufundi umetoka wapi.

Tuanze na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Watafiti waliokaa nao miaka ya 1980 walieleza kitu ambacho wenyewe wanakijua tangu enzi. Mwishoni mwa kiangazi maji yanabaki sehemu chache, wanyama hawana ujanja, lazima waje kunywa. Kwa hiyo mwindaji hahangaiki kukimbiza. Anajificha usiku karibu na maji au njia ya wanyama, nyuma ya ukuta mfupi wa matawi au mawe, na mara nyingi wanakaa wawili, kwa sababu simba na chui nao wana kiu. Upinde unadai mnyama awe karibu kwelikweli. Akishapigwa mshale wa sumu hawamkurupukii, wanasubiri kisha wanafuata nyayo. Sasa niambie wewe, kati ya kitambaa na ukuta wa mawe kipi kinadumu? Matawi yakikauka unaongeza mengine. Mawe yanakungoja mwakani.

Na msidhani ni mambo ya kaskazini peke yake. Nenda Rufiji uone dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambacho wakulima wanalalia kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko. Kule unamvizia mnyama ili umfukuze, lakini akili ni ile ile: ujue anapita wapi na saa ngapi.

Sasa twende kwa staa mwenyewe. Ernest Hemingway, mwandishi wa Kimarekani, alikuja kuwinda Tanganyika mwishoni mwa 1933 hadi mwanzoni mwa 1934. Katikati ya safari akaugua tumbo vibaya mpaka ndege ikaja kumchukua kumpeleka Nairobi, akapona, akarudi porini. Kitabu cha safari hiyo, Green Hills of Africa, kilitoka 1935. Unajua kinaanzia wapi? Ndani ya kibanda cha kuvizia! Kimejengwa kwa vijiti na matawi, pembeni ya udongo wa chumvi ambao wanyama wanakuja kuulamba, wao wanamsubiri tandala. Mara likatokea lori linanguruma, kila kitu kikavurugika.

Waliojenga kile kibanda ametaja kabila tu: Wandorobo. Na hilo lenyewe si jina lao la kujipa. Limetoka kwa Wamasai, la kuwaita watu wasio na ng'ombe, kama kusema masikini. Wafuatiliaji wengine amewabandika majina ya utani: mmoja Droopy, kisa kope zake zimelegea, mwingine Garrick, jina la mwigizaji wa zamani wa London, kisa jamaa alikuwa na mbwembwe. Mimi nilicheka mwanzoni. Baadaye nikaona si poa, maana hao ndio waliompeleka kwa tandala.

Subiri, kuna kali zaidi. Yule Mwaustria wa kwenye lori ndani ya kitabu anaitwa Kandisky, ila mtu halisi alikuwa Hans Koritschoner. Huyu baadaye akajiita Hans Cory, akawa mtafiti wa mila wa serikali ya kikoloni, akaandika vitabu kuhusu sheria za Wasukuma. Karatasi zake zimetunzwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo Mlimani, daladala moja tu kutoka kwetu. Yaani aliyewafukuza wanyama kwa lori ana mkusanyiko wenye jina lake, aliyejenga kibanda hana hata herufi moja.

Na wakati huo sheria ilishabadilika chini ya miguu yao. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji kwa koloni zima, mambo ya leseni yakaanza. Waingereza wakaleta yao 1921, na 1922 likapatikana Pori la Akiba la Selous, jina la mwindaji wa Kiingereza Frederick Selous aliyepigwa risasi vitani Beho Beho, Januari 1917. Jina lingine tena hilo! Mpaka leo, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kuwinda kwa maficho, chambo au mitego kunataka kibali cha maandishi cha Mkurugenzi. Kwa hiyo nyasi zile zile na panga lile lile, mwenye kibali ni utalii, asiye nacho ni jangili.

Wenye hasira tulieni, sitetei ujangili. Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 miaka ya 1970, ilipofika 2013 wamebaki kama 13,000. Waliofanya vile walikuwa na bunduki na wanunuzi wa pembe, hawakuwa wazee wa kujenga vibanda vya matawi. Ila wote waliwekwa kapu moja.

Turudi kwa braza. Nilimwambia hivi: kama bosi king'ang'anizi, nunueni hema la kitambaa kizito, mlikunje kila likimaliza kazi, msiliache juani, na juu yake mwagieni nyasi za pale pale. Kama ni hela yako mwenyewe, mlipe mzee vizuri.

Akasema sawa. Nikamuuliza mzee anaitwa nani, nimtaje humu. Akakaa kimya kidogo, akaandika: "Sisi tunamwita Mzee Nyasi." Misimu mitatu wanakula naye sufuria moja.

"Ngoja nitamuuliza jina lake," akamalizia. Mpaka naweka hii hapa hajanirudia.