Mpimaji wa Reli Aliyegeuzwa Mtawala

Katika historia ya ukoloni ya nchi jirani za Kenya na Uganda, wamisionari na makampuni hutajwa kwanza, na wahandisi wa jeshi husahauliwa. Hata hivyo, maisha ya James Macdonald, ofisa wa Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Uingereza aliyezaliwa mwaka 1862 na kuzoea kazi huko India, yaonyesha jinsi kamba ya kupimia ardhi ilivyoandamana na bunduki.

Macdonald alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1891 kupima njia ya reli hadi Ziwa Viktoria. Alikadiria maili 657 na pauni milioni 2 na robo hivi. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901 ilikuwa na maili 582 tu, nayo ilikwisha kula zaidi ya pauni milioni 5. Wakamba, Wakikuyu, Wamasai na Wanandi, ambao nchi zao zilipitiwa, hawakuulizwa neno.

Akiwa njiani kurudi pwani, aliamriwa kwenda Buganda kuchunguza vita vya Mengo vya Januari 1892, ambamo Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza, aliwagawia Waprotestanti bunduki dhidi ya Wakatoliki. Taarifa yake ilimlaumu Lugard; serikali ya London ikaifungia.

Mwaka 1893 mpimaji huyu akawa Kaimu Kamishna wa Uganda. Mwezi Juni alimkamata Selim Bey, mkuu wa askari wa Kisudani, kwa tuhuma ya kuwaunga mkono Waislamu wa Buganda. Selim, ambaye alikuwa mgonjwa tayari, alipelekwa pwani, akafa njiani huko Naivasha.

Miaka 4 baadaye askari wa Kisudani walikutana naye tena. Macdonald alikuwa mkuu wa msafara uliotangazwa kuwa wa kutafuta chimbuko la Mto Juba. Kumbe shabaha yake ilikuwa kuwatangulia Wafaransa katika Nili ya juu. Askari hao walikuwa wametoka vita hadi vita bila kupumzika. Mshahara wao ulikuwa chini ya ule wa wapagazi wa pwani, tena ulicheleweshwa. Walizuiwa kufuatana na wake zao kama ilivyokuwa desturi, wala hawakuambiwa waendako. Mtu aliyejua kuhesabu kila daraja na kila mteremko hakuhesabu uchovu wa watu wake.

Septemba 1897, huko Eldama Ravine, ambako siku hizo kulikuwa sehemu ya Uganda, walikataa kwenda. Wakashika njia ya Busoga na kuiteka ngome ya Luba. Meja Thruston, aliyewaendea akiamini kuwa watamsikiliza, aliuawa baada ya pigano la tarehe 19 Oktoba. Desemba aliuawa Norman, ndugu yake Macdonald. Maasi yalizimwa mwaka 1898 kwa damu ya Waganda na askari wa India. Julai mwaka huo Mfaransa Marchand aliingia Fashoda. Macdonald alikuwa bado mbali.

Machi 1904 aliongoza jeshi la Uingereza nchini Tibet, ambako Watibeti kwa mamia waliuawa karibu na Guru kwa siku moja. Mwaka huo huo alipewa heshima ya kuitwa Sir. Alifariki mwaka 1927.