"He Drove Slow": Kosa au Urithi?

Wengi wetu chamani tumewahi kusikia wazazi wetu wakisahihishwa Kiingereza chao. Mzazi anasema "He drove slow", mtu anamkatiza: sema "slowly". Tukakua tukiamini kwamba hilo ni kosa la wageni. Historia ya Kiingereza chenyewe inaeleza vingine.

Katika Kiingereza cha Kale, vivumishi vingi viligeuzwa vielezi kwa kuongezewa irabu "-e" mwishoni. "Heard" ilikuwa kivumishi chenye maana ya -gumu. "Hearde" ikawa kielezi, yaani kwa nguvu. Vilikuwapo pia vivumishi vilivyoishia kwa "-lic", kiambishi chenye asili moja na neno lililomaanisha mwili. Navyo vikiongezewa "-e", viliishia kwa "-lice".

Baadaye irabu za mwisho zilidhoofika, na kufikia takriban mwaka 1400 ile "-e" ilikuwa imekoma kutamkwa. Kivumishi na kielezi vikafanana: "the stone was hard", "she worked hard". Hapo "-ly", iliyobaki baada ya "-lice" kufupika, ikazidi kushika kazi ya kuonyesha kielezi.

Kwa karne kadhaa njia zote mbili zilitumika pamoja. Shakespeare mwenyewe alitumia "slow" kama kielezi. Yeye na Dryden pia waliweka kivumishi kisicho na "-ly" mbele ya kivumishi kingine ili kukitia nguvu. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiingereza. Humo alisema matumizi ya namna hiyo hayafai, na miongoni mwa mifano yake ni maneno ya waandishi hao hao wawili.

Hata hivyo, "-ly" haikushinda kila mahali. "She worked hard" imebaki, kwani "hardly" imechukua maana nyingine: "she hardly worked" ni kusema karibu hakufanya kazi kabisa. Nayo "very" ilitokana na kivumishi cha Kifaransa cha zamani chenye maana ya "kweli". Leo tunasema "The tea was very sweet" na hakuna anayelalamika.

Sisi wenye Kiswahili nyumbani tuna mtego wetu. Tunasema "Chai ilinukia vizuri", kwa kielezi, hivyo ni rahisi mtu kutafsiri "The tea smelled nicely". Kiingereza sanifu hutaka "nice", maana neno hilo linaisifu chai yenyewe. Lakini katika "She smelled the tea carefully", "-ly" inahitajika, kwa sababu hapo tunaeleza jinsi alivyoinusa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, tujiulize: neno hili linaeleza kitu au tendo?

Hatusemi "drove slow" iandikwe kwenye insha za chuo. Lugha sanifu ina mahali pake, na ni wajibu wetu kujifunza kanuni zake. Tunachokataa ni kanuni hiyo kugeuzwa fimbo ya kumpima mtu akili au asili yake. Anayesema "slow" hajakiharibu Kiingereza. Ametumia njia ambayo Waingereza wenyewe waliipita karne nyingi kabla yake.