Mwaka 1776: Mamlaka, Uhuru na Mkataba wa Kilwa

Katika maandishi mengi ya historia ya dunia, mwaka 1776 huelezwa kupitia tukio moja, nalo ni Tangazo la Uhuru lililotolewa tarehe 4 Julai mjini Philadelphia na makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika ya Kaskazini, na mambo mengine ya mwaka huo, hata yaliyogusa maisha ya watu wengi, huwekwa pembeni kama nyongeza. Msomaji wa Kiswahili anayeuchunguza mwaka huo hukutana na Philadelphia mapema, ilhali Kilwa huenda asiione kabisa. Hata hivyo, wiki kumi hivi baada ya tangazo hilo, tarehe 14 Septemba 1776, Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa aliwekeana mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa muda wa miaka 100. Makala haya yanadai kwamba hati hizo mbili hazikukutana katika mwaka mmoja kwa bahati tu. Kila moja ilitoka kwa watawala waliotaka kuvua utii kwa bwana wa mbali, waliotazamia msaada wa Ufaransa, na ambao mamlaka yao yalisimama juu ya watu wasioulizwa neno. Kuzisoma kwa pamoja kunaonyesha kwamba utumwa wa mwaka huo haukuwa mabaki ya zama za kale yaliyosubiri kufagiliwa na fikra mpya za uhuru, kwani ulikuwa ukikua na kuandikiwa mikataba mipya wakati uleule.

Masharti ya mkataba wa Kilwa, uliochapishwa na kufafanuliwa na mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville mwaka 1965 katika kitabu chake kuhusu Wafaransa kisiwani Kilwa, ni machache na yanaeleweka bila taabu. Kila mtumwa alipangiwa bei ya piasta 20, yaani sarafu za fedha za Kihispania ambazo watu wa pwani walizijua kama reale, na juu ya bei hiyo sultani alipewa zawadi ya piasta 2 kwa kila mtu aliyeuzwa. Hakuna mfanyabiashara mwingine, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, aliyeruhusiwa kununua watumwa Kilwa kabla Morice hajatosheka. Sultani alimkabidhi Morice ngome ambayo angeweza kuweka mizinga na kupandisha bendera yake, na pande mbili zikaahidiana kwamba atakayeushambulia upande mmoja atakuwa ameushambulia na wa pili. Sharti hili la mwisho ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mkataba wa biashara tupu haukuwa na haja nalo. Katika hati yenye sentensi chache namna hiyo, mtawala wa mji wa pwani alikuwa akinunua ulinzi, na watu 1,000 kwa mwaka walikuwa sehemu ya malipo.

Hofu iliyomsukuma inafahamika. Kwa karne mbili na zaidi Kilwa ilikuwa imepoteza utajiri ulioifanya iwe dola kubwa ya pwani katika karne ya 14, ikapita mikononi mwa Wareno, kisha ikawa chini ya madai ya Oman, ambayo askari wake walikuwa wamefukuzwa kisiwani miaka michache tu kabla ya mkataba. Muscat haikuwa imesahau. Ila katika miaka hiyohiyo macho ya Imamu Ahmad bin Said Al Busaidi wa Oman yalielekea Ghuba, ambako mwaka 1775 alituma merikebu kuusaidia mji wa Basra uliozingirwa na majeshi ya Karim Khan Zand wa Uajemi, na Basra ikaanguka mwezi Aprili 1776. Haitakuwa sahihi kudai kwamba vita vya Basra ndivyo vilivyozaa mkataba wa Kilwa, lakini ni dhahiri kwamba mtawala mdogo hupata nafasi ya kujitanua pale mkubwa wake anaposhughulika kwingine, na Sultani Hasan aliitumia nafasi hiyo. Kumwona kama mtu aliyehadaiwa na mgeni mjanja ni kumvunjia heshima ya akili yake. Alijua anachotafuta, na alijua pia atakilipia kwa nini.

Upande wa Morice, mahitaji yalitoka katika visiwa viwili vya Bahari ya Hindi, Île de France, yaani Mauritius ya leo, na Bourbon, yaani Réunion ya leo. Baada ya mfalme wa Ufaransa kuichukua Île de France kutoka kwa kampuni ya biashara ya Mashariki mwaka 1767, na biashara kufunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi miaka miwili baadaye, visiwa hivyo vilihitaji mikono ya kulima kahawa na chakula, kujenga bandari na kuhudumia meli za kivita. Wanunuzi walikuwa wamezoea kwenda Msumbiji na Ibo, ambako Wareno waliwatoza kodi na kuwawekea vikwazo, hivyo bandari isiyo chini ya Lisbon wala Muscat ilikuwa na thamani kubwa kwao. Watu waliouzwa walitolewa bara, wengi wao wakishushwa pwani kwa misafara ambayo Wayao walikuwa wakiipitisha kutoka upande wa Ziwa Nyasa pamoja na pembe za ndovu. Katika mkataba wenyewe hawana jina, kabila wala jinsia. Wametajwa kwa idadi na kwa bei, na mwanahistoria anayetaka kuwarudishia utu hana budi kuanza kwa kukiri kwamba hati hiyo iliandikwa kwa namna ambayo ingewafuta.

Philadelphia nayo ilikuwa na ufutaji wake. Katika rasimu ya Tangazo la Uhuru, Thomas Jefferson, ambaye mwenyewe alimiliki mamia ya watumwa katika maisha yake, alikuwa ameandika aya ndefu ya kumlaumu Mfalme George III kwa biashara ya watumwa kutoka Afrika, na wajumbe wa Kongresi ya makoloni wakaiondoa. Jefferson alieleza baadaye kwamba wajumbe wa South Carolina na Georgia hawakutaka biashara hiyo ikatazwe, na kwamba baadhi ya wajumbe wa kaskazini, ambao watu wao walikuwa wamesafirisha watumwa, nao waliona vibaya kuguswa. Wakati huo takriban watu 500,000, yaani mmoja kati ya kila watano katika makoloni hayo, walikuwa watumwa. Tangazo lililobaki liliwataja kwa fumbo tu, pale lilipomlaumu mfalme kwa kuchochea maasi ya ndani, lawama iliyogusa ahadi ya Lord Dunmore, gavana wa Virginia, ambaye Novemba 1775 alitangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaoshika silaha upande wa Uingereza. Kwa watu hao wa Virginia, mwenye kuahidi uhuru alikuwa mtumishi wa mfalme anayeitwa dhalimu, na wengi wa waliomkimbilia walikufa kwa ndui kambini kabla ya meli zake kuondoka katika jimbo hilo Agosti 1776.

Ulinganisho huu unaimarika zaidi katika suala la Ufaransa. Tangu mwezi Mei 1776 serikali ya Louis XVI ilikuwa imeidhinisha kwa siri livre 1,000,000 za kuwasaidia waasi wa Amerika, ingawa waziri wa fedha, Turgot, aliyeondolewa madarakani mwezi huohuo, alikuwa ameonya kwamba hazina isingehimili gharama za vita. Tarehe 17 Septemba, siku tatu tu baada ya mkataba wa Kilwa, Kongresi mjini Philadelphia ilipitisha kielelezo cha mkataba iliotaka kuufunga na Ufaransa, na mwishoni mwa Oktoba Benjamin Franklin akapanda meli kwenda kuutafuta. Katika wiki moja, basi, watawala wa pande mbili za dunia, wasiojuana wala kusikiana, waliandika masharti ya kushirikiana na dola moja ili wasirudi chini ya mabwana wao wa zamani.

Uhusiano mwingine ulikuwa wa fedha. Noti ambazo Kongresi ilikuwa ikizichapisha kugharamia vita ziliahidi kulipwa kwa dola za Kihispania, na dola hizo ndizo zilezile piasta ambazo Morice aliahidi kulipa Kilwa, sarafu moja ya reale nane, iliyogongwa kwa fedha ya Mexico na ya Potosí katika milima ya Andes. Potosí yenyewe ilihamishiwa mwaka huohuo wa 1776 katika jimbo jipya la Río de la Plata, lililoundwa na Mfalme Carlos III ili kuilinda fedha hiyo na njia zake, na machimbo yake yalikuwa bado yakichimbwa kwa mita, yaani utaratibu wa kuwalazimisha wanavijiji wa asili kwenda kufanya kazi migodini kwa zamu. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba dunia ya 1776 ilikuwa tayari soko moja, na kwamba kazi ya kulazimishwa ilikuwamo katika soko hilo kuanzia shimo la mgodi hadi gati la Kilwa.

Wapo watakaosema kwamba hukumu ya namna hii inawapima watu wa zamani kwa kipimo cha leo, kwa kuwa kila mtu wa karne ya 18 aliuona utumwa kuwa jambo la kawaida. Hoja hiyo haisimami mbele ya mwaka huohuo. Mwezi Machi 1776 Adam Smith alichapisha jijini London kitabu chake kikubwa kuhusu utajiri wa mataifa, na humo akaeleza kwamba kazi ya mtumwa, ijapoonekana kugharimu chakula na mavazi tu, mwishowe ndiyo ghali kuliko zote, na kwamba watu huing'ang'ania kwa sababu wanapenda kutawala wenzao na kwa sababu faida ya miwa na tumbaku inamudu kubeba hasara hiyo. Katika Bunge la Uingereza, David Hartley alitoa hoja kwamba biashara ya watumwa inavunja sheria za Mungu na haki za wanadamu, hoja iliyoshindwa lakini iliyosikika. Philadelphia kwenyewe, mkutano wa mwaka wa Waquaker, dhehebu la Kikristo linalokataa vita, uliwakataza waumini wake kumiliki watumwa.

Mfano mzito zaidi unatoka Afrika, na inasikitisha kwamba hutajwa mara chache. Katika Futa Toro, kwenye bonde la Mto Senegal, harakati za wanazuoni wa Kiislamu zilizoongozwa na Sulayman Bal ziliung'oa ukoo wa Denyanke, na karibu na mwaka 1776 Abdul Kader Kan alichaguliwa kuwa Almami, yaani kiongozi wa dini na dola kwa pamoja. Miongoni mwa madhila yaliyowafanya watu wainuke ni kutekwa na kuuzwa kwa Waislamu kwa meli za Kifaransa, na utawala mpya ulipiga marufuku kuwauza watu hao na baadaye ukawabana Wafaransa wa Saint-Louis wasipitishe mateka wa aina hiyo mtoni. Marufuku hiyo ilikuwa na mipaka yake, kwa maana ilimlinda Mwislamu na haikuufuta utumwa wenyewe. Hata hivyo inathibitisha jambo ambalo mjadala huu unalihitaji: mtawala wa Kiafrika, Mwislamu, mwenye kukabiliana na wanunuzi walewale wa Kifaransa katika kipindi kilekile, aliweza kuchagua tofauti na alivyochagua sultani wa Kilwa. Palipo na uchaguzi pana dhima, na udogo wa Kilwa hauifuti dhima hiyo.

Ulinganisho wa Kilwa na Philadelphia una ukomo, na haufai kuvutwa kupita uwezo wake. Tangazo la Uhuru liliweka wazi kanuni ya usawa ambayo waliotengwa nayo wangeweza kuishika na kuwadai walioiandika, na walifanya hivyo bila kukawia: Januari 1777 Prince Hall na wenzake Weusi wa Massachusetts waliwasilisha ombi la kuachwa huru kwa kutumia lugha ileile ya haki ya asili. Mkataba wa Kilwa haukuwa na neno lolote ambalo mtu aliyeuzwa angeweza kulishika. Tofauti nyingine ni ya nguvu tu. Ufaransa iliwapa Wamarekani jeshi na merikebu kuanzia 1778, lakini mpango wa Morice wa kujenga kituo cha kudumu Kilwa, uliopelekwa kwa wakubwa wa Ufaransa, haukukubaliwa, na ahadi ya ulinzi ikabaki ahadi ya mfanyabiashara mmoja. Katikati ya miaka ya 1780 Waomani waliirudisha Kilwa chini yao, na mamlaka ambayo sultani aliyanunua kwa gharama ya watu wengine hayakudumu hata miaka 10.

Biashara aliyoifungulia mlango ilidumu kuliko yeye. Katika miaka ya 1780 baadhi ya meli za Kifaransa zilianza kuwavusha watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wengi wao kutoka upande wa Msumbiji, kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi mashamba ya miwa ya Saint-Domingue, ambako mwaka 1791 watumwa waliinuka na hatimaye kuunda Haiti. Kilwa yenyewe iliingia katika mfumo wa Zanzibar, na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, iliyo bara ng'ambo ya kisiwa, ikawa mojawapo ya bandari kubwa za utumwa katika ukanda huu. Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Zanzibar ulipoharamisha usafirishaji wa watumwa baharini, wafanyabiashara waliwatembeza mateka kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kandokando ya pwani, na ili kuikata njia hiyo Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa amri zilizokataza misafara ya watumwa kushuka kutoka bara na kupitishwa pwani. Amri hizo zilitolewa mwaka 1876, mwaka uleule ambao, kwa hesabu ya Hasan bin Ibrahim na Morice, mkataba wao wa miaka 100 ulikuwa ufikie mwisho.