Mashua ya Mackay

Alexander Mackay, mhandisi wa Uskoti, alitamani kwenda Madagaska. Akapelekwa Buganda, akafika mwaka 1878. Mwaka 1887 alifukuzwa huko, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa letu hili, akaanza kuunda mashua ya mvuke. Stanley alipita hapo mwaka 1889 akielekea pwani. Mackay hakuondoka naye. Homa ikamwua Februari 1890, mashua haijaisha.

Chuoni niliwafundisha walimu habari hiyo harakaharaka, tarehe tu. Kisha nikastaafu, nikamzika mwanangu niliyemtegemea. Nilikuwa nimemweleza Mungu mipango yangu yote, yake sikuiuliza. Siku hizi, jioni, nikikaa ufukweni hapa Ilemela wavuvi wa dagaa wakiwasha taa, namwuliza mzee yule: ulipokuwa ukigonga chuma kile, uliomba nini?